Kima Kwenye Foronya

Jumapili, 1 Septemba

Safaa kaniletea daftari kutoka Wete. Ati niandike, niache kusema na sindano. "Mama, watu wanapita njiani wanadhani una mgeni." Nikamwambia sindano hunisikiliza kuliko yeye. Akacheka, akaniwekea na kalamu juu yake. Basi naandika. Mie Saada, mshoni wa foronya, hapa Gando, na leo sina zaidi la kusema.

Jumatatu, 2 Septemba

Karafuu za mwanzo zimeshaiva. Jua zuri, alhamdulillahi.

Jumatano, 4 Septemba

Leo nimekata kitambaa cha foronya za Safaa mwenyewe. Nimeshona foronya za mabibi harusi wa watu mpaka vidole vikaota sugu, lakini leo nimepima mara tatu kabla ya kukata.

Kwetu sisi aliyemlea bibi harusi ndiye humshonea foronya mbili za kitandani, picha na maneno yake. Siku ya kutandika kitanda wanawake wa upande wa mume huingia chumbani kuzisoma, na hapo ndipo wanapojua wameoa kwa watu gani. Si jambo la mchezo. Mwanamke mmoja wa Mgogoni alishona kuku na vifaranga, chini akaandika "Wangu nawajua". Mama wa bwana harusi akaona kasemwa yeye na wanawe. Mpaka leo wakikutana sokoni mmoja hugeukia mbatata na mwengine hugeukia ndizi.

Safaa si wa tumbo langu. Ni mwana wa mdogo wangu Rahma, Mungu amrehemu, aliyefariki katika uzazi huo huo. Nilimchukua hata jina hajapewa. Mie sikujaaliwa kuzaa, na mume wangu alitangulia zamani, kwa hivyo katika nyumba hii tuko wawili tu tangu hapo. Kaposwa na Talib wa Micheweni, kijana wa watu, mpole, analima mwani na kufundisha Kurani chuoni jioni. Nilikubali kwa sharti moja: Safaa hatoki Gando. Talib atahamia hapa, chumba cha uani nimeshakipaka chokaa. Watu walinong'ona kwamba mume hahamii kwa mke. Waache wanong'one. Talib alikubali kwa kichwa.

Jumapili, 8 Septemba

Natafuta picha ya kushona. Mawaridi nimeyachoka, na tausi kila mtu anashona tausi. Nikaenda kwa jirani yangu Bi Thuraiya kunywa kahawa na kulalamika.

Bi Thuraiya ni mtu wa ukoo mkubwa. Babu zake walikuwa na mikarafuu mpaka bondeni. Sasa ana miti michache kama mie, nyumba ya dari inayovuja, na kiburi chake, ambacho hakivuji hata tone. Akaniambia, "Unataka picha? Mie ninazo picha hujapata kuziona." Akanitolea kitabu.

Marehemu mumewe, Mzee Nasor, alikuwa dereva wa daktari mmoja mwanamke wa Kiholanzi aliyefanya kazi hapa kisiwani zamani. Alipokuwa anarudi kwao akamwachia kitabu hicho kuwa ukumbusho. Ni picha za kale za watu wa kwao, za miaka mia nne nyuma. Fundi alikuwa akizichora kwa ncha ya chuma juu ya bamba la shaba, kisha wino, kisha karatasi inakandamizwa juu yake. Mistari ni myembamba hata mie mshoni nimeona wivu. Na kila ukurasa una maneno machache juu, picha katikati, na shairi chini. Nikamwambia, "Bi Thuraiya, hii si kanga hii? Picha ndiyo mji, maneno ndiyo jina."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Kila picha inakuonya jambo. Daktari alimfasiria Nasor, na Nasor akanifasiria mie. Nyengine nimesahau."

Karibu kila ukurasa yumo kitoto kinene chenye mabawa na upinde, uchi wa mnyama. Mzee Nasor alikuwa mtu wa haya. Kawavisha wote suruali fupi kwa kalamu ya wino wa buluu, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo tulikwenda watatu: mie, Safaa na simu yake. Akaielekeza kwenye maneno ya Kiholanzi isome. Herufi za kale zimeishinda. Ikatoa kwamba ng'ombe wa huruma amechelewa jikoni. Tukacheka mpaka Bi Thuraiya akavua miwani. Basi tukarudi kwenye macho yetu.

Kuna mkono unaotoka mawinguni unamwagilia mche. Nikauliza mkono wa nani huo, astaghfirullah. Bi Thuraiya akasema wa malaika, tuendelee mbele. Kuna mtoto anapuliza povu la sabuni na karibu yake fuvu la mtu. Huo aliufunua haraka haraka, nami sikumuuliza, maana dunia mapito tunaijua bila ya Waholanzi. Kuna nondo anazunguka mshumaa. Kuna kobe, na pembeni yake mwanamke kasimama na funguo mkononi. Bi Thuraiya akasema huo anaukumbuka: kobe ni mke mwema, hatoki nyumbani kwake.

Nikamtazama Safaa. "Unaona? Hata Waholanzi."

Safaa akainama akamtazama kobe vizuri. "Lakini Mama, kobe anatembea."

Sikumpa ushindi, lakini Bi Thuraiya alicheka kwenye kikombe na kahawa ikammwagikia.

Kisha nikaiona picha yangu. Kima kakaa chini, mama mtu, kamkumbatia mwanawe kifuani kwa mikono miwili, kamlalia shavu, macho kayafumba. Bi Thuraiya alikuwa anataka kufunua, nikamzuia mkono. Nikamuuliza hii inasemaje. Akakitazama kikombe chake. "Mama na mwana," akasema. "Si unaona mwenyewe."

Niliona. Moyo ulinijaa hapo hapo. Hii ndiyo foronya yangu.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi mskitini. Wali wa Bi Duni ulikuwa mbichi katikati, lakini nimekula.

Ijumaa, 20 Septemba

Baada ya sala ya Ijumaa kaja Mzee Silima, ami yake Talib, ndiye aliyeleta posa. Kakaa barazani na fimbo yake, kauliza hali ya karafuu, hali ya miguu yangu, hali ya paa. Mtu akiulizia paa lako ujue ana jambo.

Bi Hija, mama yake Talib, kateleza kwenye mawe akitoka kwenye mwani, kavunjika mguu. Kafungwa ubao. Mabinti zake wote wameolewa Unguja, Talib ndiye mwana pekee aliye naye. Mzee Silima akasema polepole, akitazama ncha ya fimbo: wanaomba Safaa aende kukaa Micheweni.

Nikamwambia, "Ahadi ni deni, Mzee Silima."

"Kweli, Bi Saada. Lakini na mgonjwa ni mgonjwa."

"Nampa pole. Nitamwombea. Lakini tuliposema tulisema."

Akaigonga fimbo chini mara moja. Kisha akasema hataki kunilazimisha, watarudi kutafakari, na tarehe ya harusi tuiache kwanza. Tuiache kwanza. Maneno hayo nayajua. Harusi nyingi zimezikwa kwa maneno hayo.

Safaa alikuwa nyuma ya pazia. Alitoa vikombe, akaviosha, akaviosha tena.

Jumapili, 22 Septemba

Safaa hakusema kitu.

Jumanne, 24 Septemba

Nimemuuliza, una nini? Kasema, sina kitu Mama. Kaanika karafuu peke yake, hataki nimsaidie.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua ya ghafla. Karafuu zote zilikuwa uwanjani juu ya majamvi. Tukatoka mbio sote wawili, tukakunja, tukaburura, mie upande huu na yeye upande ule, bila ya kusemezana. Siku nyengine tungecheka, maana niliteleza nikakaa kwenye matope. Alikuja akaniinua, akanipangusa nguo kwa kiganja, akaenda zake. Nusu ya karafuu imeroa. Kama kesho hakuna jua itapata ukungu.

Jumatatu, 30 Septemba

Hakuna jua.

Ijumaa, 4 Oktoba

Safaa alikwenda Wete, karudi na ile picha ya kima kaikuza kwenye mashine ya kutoa nakala, ukubwa wa foronya. Nilikuwa sijamwomba. Kasema, "Macho yako hayataweza ile ndogo, Mama." Moyo wangu umetulia kidogo. Nimeipitisha kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni. Kesho naanza.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mama kima kashakamilika. Nimeanza na yeye kwa sababu ndiye mkubwa. Mgongo nimeushona kwa uzi wa kahawia wa aina tatu, na kope za macho yaliyofumba kwa uzi mmoja mmoja. Sijapata kushona kitu kizuri kama hiki. Maneno nayo nimeshayachagua, nitaandika chini yake: "Sikuachi". Bi Thuraiya nilipomwambia akasema, "Mmh," akaomba halua.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua tena. Talib kaja peke yake, karoa mpaka mifupani. Nikamkaribisha, hakutaka kukaa, akasema ataroesha mkeka. Kasimama mlangoni maji yanamchuruzika.

"Mama, mie niliahidi. Nitakuja kukaa Gando. Mama yangu nitamtafutia mtu wa kumwangalia."

Nikamuuliza, na mwani? Akasema atauacha. Nikamuuliza, na mama yako karidhi? Akasema, "Mama yangu hakusema kitu."

Nikamwambia ahsante mwanangu, umekuwa mwanamme. Nikampa taulo na chai ya tangawizi. Aliinywa amesimama. Alipoondoka Safaa alikuwa jikoni, nikamwita nimpe habari njema. Akasema, "Nimesikia." Akaendelea kukuna nazi, na nazi ilikuwa imeshakwisha, anakuna kifuu.

Basi nimeshinda. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumatano, 16 Oktoba

Jua limetoka. Nimeanza kumshona mtoto.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sijui niandike vipi, lakini nitaandika kama lilivyokuwa.

Asubuhi nilikaa barazani kwenye mwanga. Nilishamaliza mgongo wa kima mdogo na masikio yake. Nikaingia kwenye mkono wa kushoto. Mtu akishona haoni picha nzima, anaona pale sindano inapotokea tu. Nikashona bega, nikashona kiwiko, nikateremka mpaka vidole. Nikafika kwenye vidole nikahisi jambo. Mtoto akikumbatiwa naye hushika. Safaa alikuwa mdogo hivi akinishika ushungi mpaka nikitaka kwenda kuoga nimfumbue kidole kimoja kimoja. Huyu hakushika kitu. Mkono unaning'inia. Vidole vimelegea vinatazama chini.

Nikaichukua ile nakala kubwa, nikaiweka juani. Kichwa kimeanguka nyuma. Mdomo wazi. Jicho moja liko wazi, na halitazami popote. Na ile mikono ya mama, mikono niliyoishona siku zote hizo kwa mapenzi, imembana kifua mpaka mbavu zimeingia ndani.

Nikaenda kwa Bi Thuraiya na foronya mkononi, sindano ikining'inia kwenye uzi wake. Alikuwa kajilaza kitandani mchana mchana. Nikamwambia, "Kitoto hiki kimekufa."

Hakuuliza kitoto gani. "Kimekufa," akasema.

"Nani kakiua?"

"Mama yake. Daktari alisema ndiyo maana ya picha. Kima humpenda mwanawe mpaka akambana akafa, na mwenyewe hajui. Angalia, macho kayafumba. Anadhani mwana kalala."

Nikakaa kwenye ncha ya kitanda chake. Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Nilikuwa na hasira. Angeniacha niipeleke foronya hiyo Micheweni, niiandike na "Sikuachi" chini yake.

Bi Thuraiya akavuta shuka. Akasema, "Ulivyoitazama siku ile, ulinifurahisha. Mie tangu Nasor aliponifasiria nimeshindwa kuitazama. Nikasema labda Saada kaona jengine, labda wale Waholanzi ndio waliokosea." Kisha akaniambia juu ya Salem. Nilikuwa najua mwanawe yuko Maskati. Sikuwa najua kwamba kaondoka bila ya kuaga. Alikuwa akitaka kwenda, na kila akitaja safari mama mtu anaugua. Anaugua kweli, akasema, si uongo, presha ilikuwa ikipanda kweli. Mwisho akaondoka alfajiri mama yake yuko kwenye sala. Mama mtu akamfuata kwa simu, asubuhi, mchana, jioni, umekula nini, uko na nani, unarudi lini, mpaka Salem akabadilisha namba.

"Nilikuwa sina nia mbaya, Saada," akasema. "Wallahi sikuwa na nia mbaya hata moja."

Bi Thuraiya sijapata kumwona analia. Nilimshika mkono, naye akanishika. Ule wangu haukuning'inia na wake pia. Tukakaa hivyo mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Sikushona. Nimemtazama Safaa siku nzima. Kakonda. Kumbe kakonda, na mie niko naye nyumba moja.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda Micheweni.

Mama wa bibi harusi hatii mguu kwa mkwe kabla ya ndoa. Ni aibu, ni kama umemshika mwanao mkono unamtembeza kumtafutia mume. Marehemu mama yangu angenitemea mate. Nilivaa buibui la zamani nisijulikane, nikapanda gari ya Wete kisha ya Micheweni, na mtu wa kwanza kuteremka naye akaniambia, "Bi Saada, umekuja kumwona mkweo?" Pemba hii.

Bi Hija alikuwa uani juu ya mkeka, mguu kaunyoosha, anatoa mwani mkavu kwenye kamba. Nilikuwa nimejijengea picha ya mwanamke mkali mnene. Ni kitu kidogo, mikono imechanika kwa chumvi, sauti nene. Kaniona, hakushtuka.

"Umekuja kuniambia hapana kwa mdomo wako?"

"Hapana."

"Maana Talib kashanambia anahama. Sikumzuia." Akaendelea kutoa mwani. "Nilitaka kumzuia. Nilikuwa na maneno mengi, na mguu huu nao ningeusemesha. Nikanyamaza, nikaona nikisema atabaki, na akibaki kwa sababu hiyo nitakuwa na mtu nyumbani, lakini sitakuwa na Talib."

Mwanamke huyu mie nilikuwa nikimwita mwizi, kimoyomoyo, mwezi mzima.

Nikakaa mkekani, nikachukua kamba, nikaanza kutoa mwani naye. Sijui kuutoa, nilikuwa nauvunja, akanionesha. Nikamwambia, "Bi Hija, sharti langu nimelitoa. Safaa aje huku." Nikataka kusema zaidi, nikaishia kuvunja mwani mwengine. Akanisogezea kopo la maji. Hakusema ahsante, na nilimpenda kwa hilo. Akamaliza kamba yake, akasema, "Mie si mtu wa kumtuma mkwe kama mtumishi. Ujue hilo." Nikasema najua. Akasema, "Hujui, ndiyo kwanza leo unaniona. Utajua."

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilidhani Safaa ataruka kwa furaha. Nikamwita, nikamketisha, nikamwambia kama mtu anayetoa zawadi: utakwenda kukaa Micheweni, jana nimekwenda mwenyewe kusema.

Akanitazama. Sijapata kuona macho yake hivyo. "Hukuniuliza," akasema.

"Lakini si ndilo ulilokuwa unataka?"

"Hukuniuliza, Mama. Ulipoweka sharti hukuniuliza, nikasikia nyuma ya pazia. Leo umelitoa, nalo nasikia limeshakwisha. Mie ni jamvi la karafuu? Jua linatoka naanikwa, mvua inanyesha nabururwa ndani?"

Akainuka akaenda uani. Nilibaki pale na zawadi yangu. Hasira ilinipanda kwanza, sitaficha. Nilimlea mie, nilimkesha mie. Kisha nikaona hata hiyo hasira ni mkono ule ule.

Nikamfuata. Kakaa kwenye kinu, mgongo kanipa. Nikakaa chini, na magoti yangu haya kukaa chini ni kazi. Nikasema, "Basi nakuuliza. Nimechelewa, lakini nakuuliza. Wewe wataka nini?"

Akaokota karafuu moja chini, akaizungusha vidoleni.

"Nataka kwenda," akasema. "Nilikuwa nataka tangu mwanzo. Na nataka usilie."

"La kwanza nakupa. La pili si langu kutoa."

Akacheka huku analia. Akateremka kwenye kinu akanilalia mapajani, mtu mzima mzima, miguu imetandaa uani. Nilimshika kichwa. Sikumbana.

Jumatano, 23 Oktoba

Nafumua kima. Uzi wa kope ulinichukua asubuhi nzima.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mzee Silima kaja kuweka tarehe. Ndoa tarehe kumi na tano ya mwezi ujao, baada ya sala. Hakuuliza paa.

Jumamosi, 2 Novemba

Foronya ni mbili na mie nilikuwa nataka kumtia kila mtu katika moja. Sasa nimewagawa. Kwenye foronya ya kwanza mama kima kakaa, macho wazi, mikono imewekwa magotini. Kwenye ya pili kima mdogo anapanda tawi, mkono mmoja umeshika na mwengine unatafuta pa kushika. Mito ikipangwa kitandani mama anamtazama mwana.

Bi Thuraiya kaja kukagua. Kasema mkia wa mdogo mrefu mno. Kisha kauliza maneno nitaandika nini. Nikamwambia, "Nenda nakuona", kama tunavyomwambia mtoto anayejifunza kutembea. Aliyasema mwenyewe mara mbili kwa sauti ndogo. Akaondoka bila ya kuomba halua.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Karafuu za mwisho tumezianika ukumbini, nyumba nzima inanukia.

Jumamosi, 9 Novemba

Bi Thuraiya anamtafuta mtu wa kumwandikia ujumbe kwa mpwa wake wa Maskati, amfikishie Salem. Safaa kamwandikia. Sharti la Bi Thuraiya: ujumbe usiwe na swali hata moja. Walifuta wakaandika, wakafuta wakaandika. Mwisho ukabaki: "Salem, mama yako mzima. Mvua ni nzuri mwaka huu." Jibu halijaja. Kasema hasubiri jibu, na anaitazama simu ya Safaa kila ikilia.

Ijumaa, 15 Novemba

Safaa kaolewa. Siandiki leo.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama hafuatani na bibi harusi, kwa hivyo Bi Thuraiya alikwenda na wanawake wetu Micheweni kutandika kitanda, na umri wake huo, kachomekwa gari la mbele kwa lazima. Karudi magharibi kachoka, kakaa kwenye kiti changu.

Nikamuuliza, walisoma?

"Walisoma. Bi Hija kaingia kaegemea gongo lake, wanawake wakampisha. Kazitazama, ile moja, kisha ile nyengine. Mmoja akauliza, hawa kima kwa nini? Akamwambia, nyamaza."

"Kisha?"

"Akasoma maneno. Akakaa kitandani, kwenye shuka jipya, mkungwi anapiga kelele asikae. Akasema, mwambieni Bi Saada, mwanawe na mie nitamwona."

Nikamwambia Bi Thuraiya asimulie tena. Kasimulia mara tatu, na kila mara Bi Hija alikuwa anasema maneno marefu zaidi, lakini nimeyashika yale ya kwanza.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimechambua karafuu peke yangu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nilishika simu mara nyingi. Nilipiga mara moja. Nilimwambia Safaa mvua ni nzuri. Akacheka sana, alijua nimeitoa wapi.

Jumanne, 26 Novemba

Msimu umekwisha. Majamvi nimeyakunja.

Jumapili, 1 Desemba

Alasiri nilikuwa chumbani nashona foronya ya mtu wa Wete, tausi. Nikasikia hodi mlangoni. Nikadhani ni yule mteja kaja kuharakisha kazi, nikaitikia kwa uvivu, subiri. Ikaja tena.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Safaa.

Nilikaa na sindano hewani. Tangu aanze kutambaa hajapata kubisha hodi katika nyumba hii. Alikuwa akiingia tu, viatu vinarushwa huku na mkoba kule, anauliza chakula kabla ya salamu, na mie nagomba. Sasa kasimama nje ya mlango ulio wazi anasubiri kuruhusiwa. Nilitaka kumgombeza: hodi ya nini, si kwenu hapa? Maneno yalifika ulimini. Nikayarudisha. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu mwenye nyumba yake, na adabu hiyo nilimfundisha mie.

Nikajifuta uso kwa ushungi, nikaenda mpaka mlangoni. Kanawiri. Kavaa kanga nisiyoijua, mkononi kashika kifurushi kutoka kwa Bi Hija.

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. "Karibu ndani."

Nikasogea apite. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango, akaingia.